Bomba Halikugeukii

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa kuchomelea mabomba ametaka kila mwanafunzi awe na daftari: tarehe, mkao wa bomba, ampea, makosa. Atayakusanya kila Ijumaa. Miaka kumi na saba nachomelea mageti na madirisha, watu wanalala salama nyuma ya kazi yangu, na sijawahi kuandika chochote. Leo nina miaka arobaini na mitatu, nimenunuliwa daftari na mama mkwe wangu, jalada lina picha ya sungura. Haya, tuandike.

Mkao: G moja. Ampea: tisini. Makosa: hakuna.

Jumanne, 4 Machi

G moja. Makosa: hakuna. Joto kali. Mawingu yanajikusanya, kisha yanatawanyika kama watu waliosikia mkutano umeahirishwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ndipo tumeonyeshwa safari yenyewe. Mwalimu ni mwanamke mfupi, rika la mdogo wangu wa mwisho. Alitupanga mbele ya mabomba manne. La kwanza limelala juu ya magurudumu. Wewe umekaa, unalizungusha, na mshono unakujia juu muda wote. Hiyo G moja. La pili limesimama kama nguzo, na mshono unalizunguka kiunoni. G mbili. La tatu limelala lakini limefungwa, halizunguki; unaanza chini kwa kuchungulia tumboni mwake, unapanda ubavuni, unamalizia mgongoni. G tano. La nne limefungwa vilevile ila limeinama, halijalala wala halijasimama, kwa hiyo ndani ya mshono mmoja unakutana na taabu za wenzake wote. Hiyo ndiyo G sita, na cheti chake ndicho kinachotakiwa huko juu aliko mke wangu.

Jirani yangu wa kibanda hapa chuoni zamani aliendesha malori, na mpaka leo tunamwita Dereva. Akauliza, "Mwalimu, tatu na nne zimekwenda wapi?"

"Hizo za bamba. Kwenye bomba hazipo."

"Basi tumepunguziwa."

Mwalimu hakucheka. Alikuja kwangu, akautazama mshono wangu wa G moja, akasema ni mzuri. Kisha akasema, "Lakini wewe mtu wa mageti. Mtu wa mageti kazi ikimkalia vibaya anaigeuza. Hapa bomba halikugeukii. Wewe ndiye unazunguka."

Nikamwambia nimeelewa. Moyoni nikasema, wakati mimi nashika mashine huyu alikuwa bado anavaa sare ya shule.

Ijumaa, 7 Machi

Madaftari yamerudi. Kwenye langu, kila palipoandikwa "Makosa: hakuna", ameweka kwa wino mwekundu: "Tazama tena." Maneno mengine hakuyagusa. Nadhani anasoma ampea na makosa tu. Basi nafasi inayobaki ni yangu.

Jumapili, 9 Machi

Kwa kuwa nafasi ni yangu, niseme kilichonileta hapa.

Mke wangu ni nesi mkunga. Miaka minne iliyopita alipangiwa kituo cha afya huko juu, mwendo wa siku mbili kwa basi. Tulikubaliana mwaka mmoja. Basi liliondoka saa tisa alasiri. Alikaa dirishani, mimi nikasimama chini, nimetoka kazini na mikono imejaa masizi, nikaona nisimshike nitamchafulia gauni. Nikampungia tu. Mpaka leo najilaumu. Gauni lingefuliwa.

Anakuja likizo mara moja kwa mwaka, wiki tatu. Hatujajaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna hata wa kusingizia kwamba ndiye anayemkumbuka. Ninayemkumbuka ni mimi. Naishi na mama yake katika nyumba yao, karakana yangu iko uani. Watu wananitania: mke kaondoka, mume kabaki na mkwe. Hawajui kwamba mama huyu na mimi tunamkosa mtu mmoja, na hilo linatosha kuwakalisha watu wawili meza moja.

Sasa huko juu kampuni inalaza bomba la maji kupita mabondeni, na inataka wachomeleaji wenye G sita. Mtihani ni mwisho wa mvua. Juzi kwenye simu mke wangu alisema, "Fundi, ukipita, njoo. Usipopita, naandika barua ya kuacha kazi, narudi. Nimechoka kulala na simu."

Nilipokata simu nilicheka peke yangu. Nikipita nimempata, nisipopita nimempata. Mtihani gani mtamu kama huu?

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la mabati linapiga kelele, hakuna anayemsikia mwenzake, mafunzo yakageuka ya ishara kama ya mabubu. G mbili. Makosa: chuma kinashuka upande wa chini wa mshono, juu kunabaki mfereji.

Jumatatu, 17 Machi

G mbili. Mfereji.

Jumanne, 18 Machi

G mbili. Mfereji. Dereva ananiambia, "Samaki mkunje angali mbichi, kaka. Wewe umeshakauka." Yeye mwenyewe ana miaka thelathini na tisa.

Jumatatu, 24 Machi

Tumeingia G tano. Mwalimu amechora uso wa saa kwa chaki kwenye mdomo wa bomba. Juu kabisa saa sita, chini kabisa saa kumi na mbili. Unaanza chini na kupanda upande wa kushoto: saa moja, mbili, tatu, mpaka sita. Unarudi chini, unaanza tena saa kumi na mbili, unapanda upande wa kulia: kumi na moja, kumi, tisa, nane, saba, mpaka pande zikutane juu. Upande wa kushoto siku inakwenda mbele kama kawaida yake. Upande wa kulia saa zinarudi nyuma.

Nilipofika saa tisa mkono ulisita. Pale bomba ni ukuta mtupu, chuma kilichoyeyuka kinataka kuporomoka, hutakiwi kukaa. Mimi nikakaa. Nilikuwa nimeliona dirisha la basi. Chuma kikaporomoka, kikaacha nundu kubwa kama pua.

Makosa: nundu, saa tisa. Sababu: sina.

Ijumaa, 28 Machi

Wino mwekundu: "Sababu ipo, umeiandika tarehe 9."

Amesoma yote. Nikafunua nyuma mpaka tarehe 6, kwenye ile habari ya sare, na pembeni kabisa, kwa maandishi madogo ambayo sikuyaona mwanzo, ameandika: "Ni kweli, nilikuwa shule. Jioni nilikuwa namshikia baba kioo ili aone nyuma ya bomba. Ndiko nilikojifunzia."

Dereva ananishauri ninunue daftari la pili. Nimekataa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumatano, 2 Aprili

Nimejifanya mjuaji, nimeweka vijiti vya kuchomelea mfukoni mwa shati kama nilivyozoea kwenye mageti. Hewa ya mvua ikaviingia, mshono ukatoka una vitundu tele. Mwalimu alinionyesha jiko ambamo vijiti hukaa vikiwa na joto, akasema, "Vinatoka humu kimoja kimoja. Kwenye geti kitundu hakina neno. Kwenye bomba maji yanakitafuta mpaka yanakiona."

Alisema taratibu, bila dharau. Nadhani hakuwahi kuwa na dharau. Mimi ndiye niliyekuja nayo.

Jumatatu, 7 Aprili

G tano. Shingo inauma. Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

G tano. Shingo. Mvua. Simu za huko juu hazipatikani.

Jumatano, 9 Aprili

Hazipatikani. Mama mkwe ameuliza mara mbili kama nimejaribu kupiga. Nimejaribu mara kumi na moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Hazipatikani. Sikuchomelea chochote cha maana. Mwalimu aliona, akanipa kazi ya kufagia na kupanga vyuma, nikamshukuru.

Ijumaa, 11 Aprili

Amepatikana. Nilikuwa kibandani, simu ikatetemeka, nikatoka nje mvuani na aproni ya ngozi mwilini.

"Nesi?"

"Nipo, Fundi. Nipo mzima. Daraja lilikatika, na minara ikazimika."

Kisha akanisimulia, na alisimulia haraka kama mtu aliyekimbia. Mama mmoja ng'ambo ya mto alishikwa na uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya tumboni. Wanaume wanne walikubali kumvusha pale penye kina kifupi, lakini machela ya kituo ilikuwa imekwama mjini pamoja na gari. Mke wangu akaenda chumbani kwake, akang'oa mlango.

"Mlango gani?"

"Wa chumba changu. Wa mbao ule, bawaba zake zilikuwa zimeshalegea. Wakamlaza juu yake, mimi nimeshika upande wa kichwa, maji yako hapa kifuani. Fundi, mtoto kazaliwa saa moja baada ya kufika. Wa kike. Analia kama ana madai."

"Na mlango?"

"Umekwenda na maji wale wanaume walipovuka nao kurudi kwao. Nimetundika pazia."

Nikamwuliza kwa nini hakumtuma mtu mwingine mtoni. Akasema, "Mwingine nani? Huku mkunga ni mimi." Hakujisifu. Aliisema kama mimi ninavyosema geti hili nimelitengeneza mimi.

Nilibaki nimesimama kwenye maji. Miaka minne nimesikia sauti yake ya kuchoka, ya kuaga, ya kuuliza kama nimekula. Hii ya leo sikuwa nimeisikia tangu tulipooana. Na mimi, ambaye nusu ya mtaa huu inalala nyuma ya milango yangu, mke wangu analala nyuma ya pazia.

Jumapili, 13 Aprili

Nimewaza siku mbili. Nilisema mtihani huu ni mtamu pande zote. Si kweli. Nisipopita ataandika ile barua, atakuja kukaa kwenye baraza ya mama yake, na mimi nitakuwa nimemnyang'anya ile sauti. Atanipikia, atacheka, hatanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo litakaloniua.

Kwa hiyo sasa sina njia mbili. Nina moja.

Jumanne, 15 Aprili

G sita kwa mara ya kwanza. Mwili hauna pa kukaa. Ukipiga goti unaona upande huu, ule wa pili unajificha. Ukisimama, vilevile. Nilianza na goti la kulia, nikamaliza karibu nimelala chali, na mara tatu nilijishtukia mkono wa kushoto unapapasa bolti ili nilegeze nilisogeze bomba kidogo tu, lije.

Mwalimu akanipiga kofi mkononi, hivihivi, kama mtoto anayedokoa jikoni. "Mazoea yana taabu, mzee wangu."

Ampea: sabini na tano. Makosa: mengi. Nimeacha kuona aibu kuyaandika.

Jumatano, 23 Aprili

G sita. Nundu saa tisa, ndogo.

Jumatatu, 28 Aprili

G sita. Hakuna nundu saa tisa. Nilipita pale nikimwaza, sikukaa. Nimegundua unaweza kumwaza mtu huku mkono unatembea. Tatizo limehamia chini, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, ambako chuma kinatakiwa kupanda na chenyewe kinataka kudondoka usoni mwako.

Ijumaa, 2 Mei

Wino mwekundu: "Chini unaharakisha kwa sababu unaogopa. Kaa na woga huo."

Jumanne, 6 Mei

Mama mkwe aliniletea chakula uani, akanikuta nimelala chali chini ya bomba bovu nililolifunga kwenye mguu wa meza, nafanya mazoezi bila moto. Akasimama akinitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiki chuma kina nini hata unakilalia hivi?"

"Ndicho cha kunipeleka kwa binti yako, mama."

Akaweka sahani juu ya meza. "Haya," akasema, na kwenye ile haya kulikuwa na neno jingine ambalo hakulitoa.

Jumatatu, 12 Mei

Leo mtihani. Naandika polepole ili nisijidanganye.

Mkaguzi aliletwa kutoka nje ya chuo, mzee wa miwani anayeongea kwa kipimo. Mabomba yalifungwa kwenye viunzi, juu ya kila moja akagonga muhuri kwa nyundo kuonyesha saa sita iko wapi. Akasoma kanuni: atakayelegeza bolti amejitoa. Kila mmoja akaingia kibandani kwake, mapazia ya turubai yakashushwa.

Mshono wa kwanza wa ndani ulikwenda vizuri. Nikachokoa magamba, nikapiga brashi, nikapanda wa pili. Mvua ikaanza, kubwa kuliko zote za msimu huu, paa likapiga kelele watu hawasikilizani. Maji yakaingia ofisini, mkaguzi na Mwalimu wakakimbia kuokoa karatasi. Nilimaliza upande wa kushoto wa mshono wa mwisho, nikafuta jasho, nikaingia upande wa kulia. Saa kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi. Nilikuwa nawaza pazia linavyolowa kwa mvua ya namna hii, na kama amesogeza kitanda. Chuma kilikuwa kinatii ajabu. Tisa. Nane. Nikamaliza, nikainua ngao usoni.

Ulikuwa mshono mzuri kuliko wote niliowahi kuchomelea. Kisha nikaona spana katika mkono wangu wa kushoto.

Muhuri haukuwa juu. Ulikuwa umelala karibu na saa nane. Mahali fulani pale chini nilikuwa nimelegeza bolti, nikalivuta bomba lije kwangu, nikakaza, nikaendelea. Sikumbuki. Mkono huu umefanya kazi miaka kumi na saba bila kuniuliza, na leo pia haukuniuliza.

Nikalegeza tena, nikalirudisha mpaka muhuri ukasimama juu. Hilo sikulifanya kwa mazoea.

Hakuna aliyeona. Nilisimama na spana, mvua inapiga, na nikajiambia yote ambayo mtu hujiambia. Kwamba mshono ni mzima, ukikatwa hautapasuka. Kwamba nikisema nimefeli, ataandika barua, mama mwingine atafika ukingo wa mto na mkunga hayupo. Kwamba uongo huu si kwa ajili yangu, ni kwa ajili yake na wale wanawake. Ulikuwa uongo uliovaa vizuri. Lakini nikajiona nafika kwake, nalala kitandani kwake, na kila asubuhi natoka kwenda bondeni kwenye mabomba ambayo hayageuki, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba siwezi. Nimemkosa miaka minne. Sikutaka nimpate na huku bado namficha kitu.

Mkaguzi alirudi na suruali imelowa mpaka magotini. Akainama, akazunguka bomba langu, akasema, "Kazi safi, fundi."

"Nimeligeuza," nikasema.

"Unasemaje?"

"Bomba. Nimelegeza bolti upande wa kulia, nimeligeuza, kisha nikalirudisha."

Akavua miwani. Mwalimu alikuwa nyuma yake, ameshika fungu la karatasi zilizolowa. Hakunitazama kwa hasira. Akamwambia mkaguzi, "Kanuni ya saba. Aliyejisema kabla bomba halijakatwa anapewa la akiba siku hiyohiyo."

"Amechoka," mkaguzi akasema.

"Muulize yeye."

Nikasema naanza. Ilikuwa saa tisa mchana. Mikono ilikuwa mizito, mabega yanawaka, na nililifanya lote bila kugusa bolti, kwa sababu Mwalimu alikuwa amenipokonya spana akaitia mfukoni mwake. Nilipiga magoti, nikasimama, nikalala chali kwenye maji yaliyokuwa yameingia kibandani. Nilizunguka mimi. Nilipomaliza sikuweza kufungua vidole, Dereva akanivua glavu kidole kimoja kimoja.

Ampea: sabini na tano. Makosa: nimeyasema.

Ijumaa, 16 Mei

Wamekata vipande vinne kwenye kila bomba na kuvikunja kwa jeki. Vyangu vitatu vilikunjika vizima. Cha nne, kile cha saa kumi na nusu, kilifunguka mdomo katikati ya mshono. Chini, pale ninapoogopa.

Nimefeli. Dereva amepita, na alilia kuliko mimi.

Mwalimu alinirudishia daftari mwenyewe. "Msimu ujao uje. Umebakiwa na saa moja tu ya bomba zima."

"Msimu ujao ni miezi mingapi, Mwalimu?"

"Saba."

Akaongeza, "Kuteleza si kuanguka. Lakini nisikudanganye, miezi saba ni mingi." Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Jumamosi, 17 Mei

Nilimwambia mama mkwe mezani. Nikamwambia pia kuhusu barua, kwamba binti yake sasa atarudi, na kwamba sitaki arudi hivyo. Nikamweleza habari ya mlango na mto. Nilieleza sana. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa.

Kisha akasema, "Mwanangu, nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza, mama."

"Basi la kwenda huko wanapanda wenye cheti tu?"

Nikasema si hivyo. Nikasema mwanamume hawezi kwenda kukaa mlangoni kwa mkewe mikono mitupu, watu watasema kafuata kula. Nikasema nilitaka niende na kazi yangu. Nikajisikia ninavyosema.

"Mikono mitupu," akasema mama. "Hiyo mashine iliyoko uani kwangu inayonizimia taa kila ukiwasha, ni ya nani? Miaka minne nasubiri uiondoe. Nilinunua daftari nikajua labda ukijiandika utajisoma."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Nyumba hii nilikaa kabla wewe hujaja kuposa. Wewe ndiye mgeni humu."

Miaka minne, kila simu, nilikuwa namwuliza mke wangu utarudi lini. Sikuwahi hata mara moja kusema naja. Nilikuwa nimekaa pale na spana, nasubiri yeye ageuke. Nikaondoka mezani kabla mama hajaniona nikilia, lakini nadhani aliniona.

Jumapili, 18 Mei

"Barua umeandika?" nilimwuliza.

"Nimeandika. Sijaipeleka. Kwa hiyo umefeli."

"Nimefeli. Ichane."

"Fundi, tulikubaliana."

"Ichane, Nesi. Naja mimi."

"Na cheti?"

"Sina. Msimu ujao nitajaribu tena, nikipita sawa, nisipopita sawa. Naja na mashine yangu ya mageti."

"Unakuja kufanya nini huku?"

"Kwani pazia limekauka?"

Nilisikia akilivuta pazia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Upana wa mlango nitakupimia kesho. Usije na wa kukisia."

Jumanne, 20 Mei

Mlango wa bamba, fremu ya chuma, bawaba tatu. Umekamilika. Niliuchomelea kwa kuugeuzageuza nilivyotaka, na sikuona vibaya. Mvua imepungua. Nilipita chuoni kumwonyesha Mwalimu daftari, akaandika ukurasa wa mwisho, akanikataza kusoma mpaka nifike.

Ijumaa, 23 Mei

Nimefika. Ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya, ukuta mweupe, alama za maji zimefika magotini. Pazia la kijani. Mwenyewe yuko zamu, anatoka saa kumi na mbili, na sikutaka aitwe. Nimeuegemeza mlango ukutani, nimekaa juu ya mashine, naandika.

Nimefungua ukurasa wa Mwalimu. Wino mwekundu: "Mkao: umezunguka wewe. Ampea: hukuandika. Makosa: tazama tena Desemba."

Mwanamke mmoja amepita amembeba mtoto mchanga, akasimama mbele ya ule mlango, akaugonga kwa vidole kusikia uzito wake. Huko nilikotoka mke wangu alikuwa mke wa fundi. Huyu akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Samahani, baba. Wewe ni nani?"

"Mume wa nesi," nikasema.

"Haa," akasema, "kumbe upo." Kisha akakaa kwenye ngazi na mtoto wake, tumsubiri pamoja.